Siri ya Mtungi: Uhakiki wa Ujumbe Wenye Tarakimu Sita

Katika somo la uhakiki tumezoea kupewa riwaya, tamthilia au shairi, kisha tukaulizwa: nani anasema, anasema na nani, na amechagua maneno gani? Mimi nimechagua matini fupi kuliko zote nilizosoma tangu mwaka wa kwanza. Haina jina la mwandishi, haina kichwa, na haizidi maneno ishirini. Ni ule ujumbe wa simu unaofika mwanafunzi anapoomba mkopo wa masomo kwa njia ya mtandao: tarakimu sita, muda wa kuzitumia, na onyo la kutompa mtu yeyote. Nimeuchagua kwa sababu hakuna riwaya iliyowahi kunifanya nilipe kitu. Ujumbe huu umenifanya mdaiwa.

Wenzangu wawili niliowaambia nia yangu walicheka. Mmoja alisema kwamba ujumbe wa simu si fasihi. Nakubali, si fasihi. Lakini ni maandishi, yana msemaji na msemewa, na sijui darasani kwetu nani alisoma shairi lolote kwa makini kama alivyosoma tarakimu zile huku muda unakwisha.

Hoja yangu ni hii. Tatizo la namba hiyo linaanzia kwenye jina lake. Kwa Kiswahili tunaiita namba ya siri. Kwa Kinyarwanda tunaiita umubare w'ibanga, maana ni ileile. Lakini katika maombi ya mkopo namba hiyo haifanyi kazi ya siri, inafanya kazi ya saini. Siri na saini ni vitu viwili ambavyo mtu wa Rusizi, kama mtu wa mahali pengine popote, huvitunza kwa namna mbili tofauti.

Nianze na yaliyonipata. Nilipomaliza shule ya sekondari sikuwa na simu yangu. Nyumbani kulikuwa na simu moja, ya mama, na laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake, kama ilivyo lazima Rwanda tangu mwaka 2013. Mama anauza sambaza. Asubuhi anavuka mpaka kwenda Bukavu, jioni anarudi, na simu anakwenda nayo kwa sababu wateja wake wako huko. Siku ya kuomba mkopo alikubali kukosa soko, tukapanda pamoja hadi Kamembe, kwenye duka moja la huduma za intaneti ambalo sitalitaja.

Kulikuwa na foleni ya wanafunzi kama kumi na watano, kila mmoja na mzazi, dada au mjomba. Kijana wa duka alikuwa mwepesi na mpole, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, maana bila yeye wengi wetu tusingeomba chochote. Alikuwa na kompyuta mbili na daftari kubwa la mistari. Kwenye daftari aliandika jina la kila mteja, namba ya kitambulisho yenye tarakimu 16, namba ya simu, anwani ya barua pepe aliyomfungulia palepale, na nywila aliyomchagulia. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma. Nywila zote zilikuwa na umbo moja: jina la kwanza likianza na herufi kubwa, mwaka wa kuzaliwa, na alama ya mshangao mwishoni. Ungeweza kukisia za darasa zima. Na huo mwaka wa kuzaliwa hukuwa na haja ya kuukisia, kwa kuwa umo ndani ya namba ya kitambulisho iliyoandikwa pembeni yake.

Baadaye, baada ya kukubaliwa, tulirudi kwake kwa ajili ya mkataba. Kijana alifungua ukurasa, akashusha chini haraka, kurasa na kurasa, akabonyeza mahali, kisha akamgeukia mama. "Mama, namba imefika?" Mama hasomi sana, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi, kwa sababu ya biashara. Akazisoma kwa sauti, moja moja, mbele ya foleni nzima. Kijana akaziandika. "Tayari, mdogo wangu. Anayefuata."

Hayo yote hayakufika dakika mbili. Sikuibiwa kitu. Mkopo ulikuja, nimesoma nao, na ninaandika makala haya kwa sababu yake. Sikuja hapa kusimulia wizi, maana haukuwapo. Ninachosimulia ni kwamba niliingia katika deni la miaka mingi kwa maandishi ambayo sikuyasoma, kwa simu ambayo si yangu, kwa sauti ya mtu mwingine, na kwa kidole cha mtu wa tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama tu.

Mwaka wa pili nilitaka kubadili akaunti ya benki kwenye maelezo yangu. Nywila sikuijua, maana sikuwahi kuiandika mimi. Nilikwenda Kamembe nikakuta duka limefungwa na kijana amehama, na daftari bila shaka amehama nalo. Ikabaki njia ya kuomba nywila mpya kwa simu. Simu ilikuwa Bukavu. Nilimpigia mama, nikamwomba akae mahali penye mtandao wa Rwanda, karibu na ziwa, na asikate simu. Namba ilifika, akaanza kusoma, mteja akamwita, akaacha, akarudi, muda ukawa umepita. Tulijaribu mara nne siku ile. Mara ya nne aliniambia: "Mwanangu, hii namba inakimbia kuliko mimi." Sijasikia uhakiki bora zaidi wa ujumbe huo.

Sasa niurudie ujumbe wenyewe kama matini. Msemaji ni nani? Hana nafsi. Hasemi "mimi benki" wala "sisi serikali". Ni sauti isiyo na uso inayotoa namba na amri. Msemewa ni "wewe", nafsi ya pili umoja. Hapa ndipo matini inapojikwaa kwa mara ya kwanza. Ujumbe unaamini kwamba anayeushika mkononi ndiye mwenye maombi, ndiye mwenye simu, ndiye anayejua kuusoma, na yuko peke yake. Kwangu mimi "wewe" huyo alikuwa watu watatu. Sidhani kama familia yetu ni ya ajabu. Kwenye foleni ile sikumwona mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa "wewe" peke yake.

Kisha linakuja onyo: usimpe mtu yeyote. Onyo hili linasomwa na mtu ambaye tayari yuko mbele ya mtu mwingine akiisubiri namba hiyohiyo ampe. Ni kama bango la "usiingie" lililobandikwa ndani ya chumba. Unapolisoma umeshaingia.

Na kuna neno lenyewe, siri. Wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba maneno hayaishi peke yake, yana vitenzi vinavyotembea nayo. Siri hutunzwa, hufichwa, huvuja, hutobolewa. Kwa Kinyarwanda tunasema kumena ibanga, kana kwamba ni chombo kinachovunjika na kumwaga kilichomo. Lakini kuna jambo moja zaidi kuhusu siri, nalo ndilo linaloniudhi: siri hupewa mtu. Tunapeana siri. Siri isiyoambiwa mtu hata mmoja haina ladha ya siri, ni jambo tu ambalo mtu analijua. Anayeambiwa siri ameheshimiwa, amehesabiwa ndugu. Ndiyo maana wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi hauna namna ya kukificha kilichomo mbele ya kata, kwa sababu kata ndiyo inayoingia ndani kila siku. Yule kijana wa Kamembe na daftari lake ndiye kata. Mama yangu hakuona ubaya wowote kumsomea namba. Alimpa siri mtu aliyekuwa akitusaidia, kama utu unavyotaka. Kumnyima ingekuwa kumwambia hadharani kwamba hatumwamini.

Sasa weka neno saini mahali pa siri uone vitenzi vinavyokuja. Saini hutiwa, huwekwa, hughushiwa. Saini haipewi mtu. Hakuna anayesema "nimempa rafiki yangu saini yangu aitunze". Wazee wasiojua kuandika walijua jambo hili vizuri kuliko sisi wenye simu. Kwa Kinyarwanda kusaini ni gushyira umukono, yaani kuweka mkono, na asiyejua kuandika hutera igikumwe, anabandika dole gumba lenye wino. Katika kijiji chetu hakuna aliyewahi kuazima dole gumba la jirani. Si kwa sababu walikuwa na elimu ya usalama wa mitandao. Jina la kitendo lilitaja kiungo cha mwili, basi, na kila mtu alijua mwili ni wa nani.

Hapa niseme kidogo kuhusu maneno mengine yanayotumika, kwa kuwa sisi ndio tutakaoulizwa. Nywila na nenosiri tunayasoma vitabuni na kwenye mifumo ya Tanzania. Msimbo unajulikana na walimu. Mtaani Kamembe, kwa sababu ya Kifaransa cha Bukavu na cha wazee wetu, watu wanasema kode, na wengine wanamalizia kwa i na kusema kodi. Mtanzania akiambiwa "ingiza kodi yako hapa" atadhani anadaiwa pango au ushuru. Na neno sahihi, ambalo vitabu vingi hulitumia kwa maana ya saini, lina mtego wake: "namba sahihi" ni namba isiyo na kosa, na "namba ya sahihi" ingekuwa namba ya kutia mkono. Irabu moja na konsonanti moja ndizo zinazotenganisha maana hizo. Kwa hiyo napendelea saini, ingawa najua mwalimu mmoja atalalamika.

Kuna neno la pili linaloshirikiana na siri kutupoteza, nalo ni buruse. Nyumbani kwetu hakuna anayesema "ameomba mkopo". Wanasema "amepata buruse", neno lililotoka kwenye Kifaransa, nalo linasikika kama zawadi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 inayosimamia fedha za wanafunzi inataja vitu viwili katika jina lake, mikopo na buruse, kwa sababu ni vitu viwili. Mkopo unarudishwa, na leo unasimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Benki hakopi mtu zawadi. Lakini unganisha maneno hayo mawili uone picha inayojengeka kichwani mwa mzazi: mtoto amepewa zawadi, na zawadi imefungwa kwa siri ndogo ya tarakimu sita. Katika picha hiyo hakuna deni wala mkataba. Kila neno moja moja ni la kawaida, yakiwa pamoja yanasema uongo.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini basi namba hizi ziliitwa siri tangu mwanzo. Jibu liko katika historia yake. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja, na kila mmoja akapewa neno lake la kuingilia ili asiguse mafaili ya mwingine. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa hapo, Allan Scherr, alichapisha faili lenye maneno yote ya kuingilia ili ajipatie saa zaidi za kompyuta. Yaani tangu mwanzo mwanafunzi na daftari la nywila walikuwa pamoja. Mwaka 1967 benki ya Barclays ilifungua mashine ya kutolea pesa huko Enfield, London, na mteja akatakiwa kubonyeza tarakimu nne. Inasimuliwa kwamba John Shepherd-Barron, aliyeisimamia kazi hiyo, alikuwa anataka sita, lakini mkewe akasema yeye anakumbuka nne tu. Nampenda sana mama huyo. Ni mtumiaji wa kawaida, na kwa mara moja aliulizwa kabla ya mambo kuamuliwa.

Katika mifano hiyo yote namba ilikuwa ufunguo. Ilifungua mlango wa kitu kilicho chako: mafaili yako, pesa zako. Hata sisi tulijifunza neno la siri kwa njia hiyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, pesa za simu za MTN zikafika Rwanda mwaka 2010, na wazazi wetu wakafundishwa kwamba namba ya siri inalinda pesa zilizomo. Ukimpa mdogo wako namba yako, hasara kubwa ni kukuta faranga 2,000 hazipo, na mnagombana jioni, mnasameheana. Somo hilo mama alilielewa vizuri. Ndiyo maana siku ya mkataba hakuogopa. Hakukuwa na pesa ndani ya simu za kulinda. Alichukua kanuni ya pesa za simu akaitumia, na kwa kanuni ile alikuwa sahihi: hapakuwa na kitu cha kuibiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii namba haifungui mlango bali inafunga mkataba.

Nikitazama majirani naona tofauti inayofaa kufikiriwa. Tanzania, kwenye Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mwombaji anaingia mtandaoni kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Lakini kwa miaka mingi kazi haijaishia hapo. Anachapa fomu, anakwenda kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, anakwenda kwa kamishna wa viapo, mdhamini anatia saini, ndipo kurasa zilizosainiwa zinarudishwa mtandaoni. Kenya nako, kwa miaka mingi, fomu ya bodi ya HELB ilipita kwa wadhamini, kwa chifu na kwa kamishna wa viapo. Ni usumbufu, najua. Kuna nauli, kuna mihuri ya kulipia, kuna chifu asiyepatikana ofisini. Lakini fikiria kinachotokea katika usumbufu huo. Mzazi anaulizwa na mtu mzima mwenzake: unajua hii ni nini? Kalamu inawekwa mkononi. Mdhamini anasita kidogo kabla ya kuandika jina lake. Kusita huko ni sehemu ya mkataba, na ndiko kulikokosekana pale Kamembe.

Sisemi turudi kwenye foleni za mihuri. Mwenzangu anayetoka Nyamasheke alinikumbusha, kwa hasira kidogo, kwamba zamani jambo dogo la mkopo lingeweza kumtoa mtu Rusizi hadi Kigali, karibu siku nzima ya basi kupitia msitu wa Nyungwe, kulala kwa ndugu, na kurudi na jibu la "njoo wiki ijayo". Ana haki. Kwa watu wa pembeni ya nchi kama sisi mtandao umefuta milima. Siwezi kuukashifu mfumo unaoniruhusu kuomba mkopo nikiwa natazama ziwa Kivu. Lakini kufuta safari hakukulazimu kufuta kusita. Kingeweza kubaki hata katika maneno ishirini.

Wapo pia watakaosema kwamba kosa ni letu wanafunzi, kwamba tuna uzembe, hatusomi, tunatafuta njia rahisi. Lawama hii nimeisikia hata kwa wahadhiri ninaowaheshimu. Sehemu yake naipokea. Nilikuwa na miaka 19, nilijua kusoma, ningeweza kumwambia yule kijana "kaka, subiri nisome", na watu kumi na watano nyuma yangu wangenung'unika, basi. Sikusema. Lakini sehemu nyingine naikataa. Mkataba ulikuwa kwa lugha ambazo mama hazisomi, na Kiswahili, lugha anayofanyia biashara maisha yake yote, ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, ila katika simu yetu sijawahi kuona ujumbe wa namba ya siri ulioandikwa kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari na ya kujua. Kujua hakuanzi kwenye sheria. Kunaanza kwenye neno ambalo mtu anaambiwa.

Hatuna udhuru wa kusema kwamba lugha zetu haziwezi. Huduma za serikali mtandaoni ziliitwa Irembo, na Mnyarwanda yeyote anaona palepale lango la nyumbani, mahali pa kuingilia. Aliyechagua jina hilo alifikiri. Hakutafsiri neno la mashine, alitafuta kitu ambacho watu wanacho uani kwao. Namba ya mkataba haikupata bahati hiyo. Ilipewa jina la namba ya pesa za simu kwa sababu zinafanana sura, kama vile mtu angeita popo ndege.

Kwa hiyo nilijaribu mwenyewe. Mwezi uliopita niliuandika upya ujumbe kwa Kiswahili ambacho mama anakisema sokoni, nikajiwekea sharti la kutozidi maneno ishirini. Jaribio la kwanza liliharibika, lilikuwa na "idhinisha" na "uhalalishaji", nikajisikia kama mtafsiri wa ofisini. Jaribio la tano ndilo hili:

"Namba hii ni saini yako. Ikiandikwa, umekubali deni. Soma kwanza mkataba. Asiye na deni asiisome wala asiiandike."

Yana kasoro, naziona. Sentensi ya mwisho ni kali, na ingemfukuza hata mtu mwema anayekuja kumsaidia kipofu au mgonjwa. Pia nimeliondoa neno "tafadhali", jambo ambalo kwa Kiswahili cha pwani lingehesabiwa utovu wa adabu. Lakini angalia mambo mawili. Neno siri halimo, na halikuhitajika. Na neno deni limo, limekaa katikati, pale ambapo jicho haliwezi kuliruka.

Nilimsomea mama jioni, tukiwa tumekaa nje, akitenga sambaza za kesho. Alisikiliza, akaniomba nirudie. Kisha akauliza: "Kwa hiyo siku ile Kamembe, aliyesaini ni nani? Namba niliisoma mimi." Nikamwambia jina lililoandikwa kwenye mkataba ni langu. Akauliza tena kama benki itamdai yeye. Nikasema hapana, watakata kwangu nikianza kazi. Akafunika sambaza, akanawa mikono. "Basi namba ije kwako," akasema, "mimi nina madeni yangu." Jumatatu iliyofuata tulikwenda wote wawili kusajili laini kwa kitambulisho changu.